Nchi Inayokohoa Kwenye Jibu la Pili

Kwa hesabu, mimi sijapata kushindwa na mtu. Mwaka niliomaliza darasa la saba nilikuwa wa kwanza shule nzima, na mwalimu mkuu alinishika mkono mbele ya wazazi. Ni kweli kabisa. Ni kweli pia kwamba wiki ile ya mtihani matubwitubwi yalikuwa yamelaza darasa zima majumbani, tukabaki wawili, na huyo mwenzangu shavu lilikuwa limemvimba hata ubao haoni vizuri. Lakini wa kwanza ni wa kwanza. Nayasema haya mapema, msomaji asije akadhani mambo ya nchi ya Utao niliyaelewa kwa elimu. Niliyaelewa kwa kuulizauliza, na kwa sababu mtu akishazeeka hafukuzwi haraka.

Nilifikaje huko? Nilifika. Tuendelee.

Utao ni nchi tambarare kama sinia. Katikati umepigwa mstari mmoja mnyoofu wa chokaa, nao wanauita Mstari, kwa kuwa hawana mwingine. Nusu ya njia umesimamishwa mlingoti mrefu. Ukisimama mbele ya mlingoti huo, kulia kwako kuna mawe meupe yaliyoandikwa moja, mbili, tatu, mpaka macho yachoke. Kushoto kuna mawe meusi, nayo yana namba zilezile, ila kila namba imetanguliwa na kijistari kidogo cha kuonyesha kwamba ni hasi. Kijistari hicho hakizidi urefu wa kucha, lakini ndicho kilicholeta taabu zote nilizozikuta.

Mtoto akizaliwa Utao, tao la ukungu hutokea angani, mfano wa upinde wa mvua uliosahau rangi zake. Hukaa kiasi cha sufuria ya maji kuchemka, halafu hutoweka. Pale miguu miwili ya tao inapogusa Mstari ndipo pa huyo mtoto. Akikua atajenga hapo, atalima hapo, na hapana wa kumtoa. Tao likiukata mlingoti, mlinzi hupanda ngazi akachonga alama pale lilipokatia na kuandika jina. Ila kuikimbilia miguu yote miwili kabla ukungu haujaisha, hakuna mkunga mwenye mbio hizo. Basi huandikwa namba tatu kwenye kibati, mtoto akavishwa shingoni. Ya kwanza ni ileile kwa watu wote, nayo yasema tu kwamba tao limeinamia chini. Ya pili ni ya kuumiza kichwa. Ya tatu ni urefu wa ile alama mlingotini. Mtu akishafikia utu uzima anakwenda kwa makarani wamtafutie miguu yake ilitua wapi.

Nikaona Idara ya Mlingoti. Ina wanaume sita na ngazi moja. Mtu akitaka kujua alama yake iko urefu gani, anaomba kwa barua, wanapanda, wanapima, wanashuka, wanajadiliana, na baada ya mwezi wanampa jibu. Jibu lenyewe ni ile namba ya tatu iliyokwisha andikwa kwenye kibati chake.

"Kwa nini msimwambie tu asome kibati?" nikawauliza.

Mkubwa wao akanitazama kwa huruma. "Bibi, halafu ngazi tuifanyie nini?"

Wapo pia watu ambao matao yao hayagusi Mstari popote. Miguu yao inaitwa ya kufikirika, na viwanja hawana. Serikali imewapa kazi ya kupanga mipango ya maendeleo.

Lakini jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni viatu. Waheshimiwa wa Utao huvaa kubadhi moja tu, la mguu wa kulia. Wa kushoto huenda peku. Ukiwauliza, wanakwambia huo mguu hawanao, na wanakwambia hivyo huku wameusimamia. Kwani kulia, kwenye mawe meupe, ndiko kwa heshima. Kushoto ni kwa upungufu, kwa deni, kwa watu wasiotajwa. Nchi nzima kwa hiyo inachechemea, na kuchechemea kwenyewe kumekuwa mwendo wa kiungwana. Vijana hujifunza mbele ya kioo.

Mimi nilifikia kwa mwanamke wa makamo aitwaye Kidawa, mfinyanzi. Nyumba yake iko jiwe jeupe la tano, mchanga mtupu, hata mchicha haushiki. Udongo wa kufinyangia ni mwekundu, wa kunata, na Utao nzima unapatikana kushoto tu. Marehemu mama yake alikuwa akichimba huko, jiwe jeusi la tatu, na Kidawa anachimba hapohapo. Kila mtungi wa maji katika ofisi za serikali umetoka kwenye shimo lile. Waheshimiwa wanakunywa, wanasifu ubaridi wa maji, hawaulizi.

Nilimkuta amekaa mlangoni hafanyi kazi. Nikamuuliza kulikoni.

"Bibi, wanafunga kushoto," akasema. "Baraza limepitisha, sehemu isiyo na mguu wa mtu izungushiwe miiba. Wanasema kushoto hakujaguswa na tao lolote tangu nchi iwe nchi. Nimepewa mpaka kesho. Mguu wangu wa pili usipoandikwa daftarini kesho, shimo la udongo ndiyo basi. Na mimi bila udongo ni nani?"

"Kwani umekwenda kwa makarani?"

"Mara nne. Twende ya tano ukasikie mwenyewe."

Tukaenda. Ofisi ya Nyayo ina makarani tisa waliopanga mstari kama kwaya, na mbele yao karani kiongozi, Tindwa, kijana mwembamba mwenye kalamu sikioni. Alikisoma kibati cha Kidawa: hasi moja, mbili, kumi na tano. Kisha wakaanza kuimba Kanuni Ndefu. Sitaidanganya nafsi yangu, wimbo ule unakwenda mbali kuliko darasa la saba. Kuna kugeuza ishara, kuna kuzidisha kwa nne, kuna kipeuo cha pili ambacho wanakiimba wamefumba macho. Nilifuata mpaka kwenye nane, wakanipoteza hapo. Lakini sikio langu halijafa. Walipofika mahali panaposema "jumlisha au toa", makarani wote tisa wakakohoa kwa pamoja juu ya "jumlisha", kikohozi kimoja kikubwa, kikasikika "toa" peke yake. Wakamaliza: "Ni taanooo!"

"Mguu wa tano, kulia," Tindwa akatangaza. "Hongera, mama."

"Na huo mwingine?" Kidawa akauliza.

Wote tisa wakakohoa tena.

"Mnaumwa?" nikauliza.

"Hapana, bibi," Tindwa akasema kwa adabu. "Ni kikohozi cha kisheria. Kifungu cha pili. Penye majibu mawili, lisilo na heshima hukoholewa."

Hapo akaingia Mkuu wa Nyayo mwenyewe, Bwana Ngwali, mtu mnene mwenye sauti ya kutandaza. Kubadhi lake la kulia lilikuwa na uzi mwekundu na kifungo cha shaba, kazi ya fundi hasa. Akachechemea vizuri sana mpaka kwenye kiti.

"Mama Kidawa tena!" akasema. "Mama, serikali imekupa mguu. Wengine hata huo hawana. Huu uchu wa mguu wa pili unatoka wapi?"

"Tao lina miguu miwili, Bwana Mkuu."

"Langu pia lina miwili. Yote iko jiwe la nne, kulia, imebanana kama askari kwenye gwaride. Ndiyo maana nikaaminiwa." Akanigeukia. "Na mgeni wetu asiondoke bila kuiona alama yangu mlingotini. Ishirini na nane. Juu yake ni ndege tu. Niliipaka rangi nyekundu mwenyewe, isipotee machoni pa umma."

"Hongera, baba," nikasema, nikainamisha macho chini kwa heshima. Na kwa kuwa nilikuwa nimeyainamisha, nikauona mguu wake wa kushoto. Kati ya kidole gumba na cha pili kulikuwa na udongo mwekundu, bado mbichi.

Mimi si mbea. Nilingoja tufike nyumbani ndipo nikamwambia Kidawa.

Nyumbani Kidawa alichukua fito mbichi aliyokuwa akifungia matita yake ya kuni, akachomeka kijiti ardhini, akaipinda fito juu ya kijiti.

"Tazama, bibi. Kijiti ni mlingoti. Tao likipita juu ya kijiti, linatua wapi?"

Nikatazama. Ncha moja ilikuwa huku, ncha nyingine kule.

"Sasa nataka ncha zote mbili zitue kulia." Akazivuta zote upande mmoja. Fito nzima ikahamia huko, na kijiti kikabaki peke yake, hakikuguswa. "Umeona? Mwenye miguu yote kulia, tao lake haliukati mlingoti juu ya ardhi. Hana alama. Mwenye alama, hata iwe ya moja, mguu mmoja uko kushoto. Tena huhitaji ile kwaya yao. Zidisha jiwe lako la kulia kwa jiwe lako la kushoto, unapata alama yako. Mimi kulia ni tano, alama ni kumi na tano."

"Kushoto ni tatu," nikasema. Ile ya kuwa wa kwanza shule nzima ikanirudia kidogo.

"Ni tatu. Ukipunguza tatu kwenye tano inabaki mbili, ndiyo ile namba ya katikati ya kibati. Kila kitu kinakubaliana."

"Mwanangu, mbona hujawaambia?"

Kidawa akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Wanajua, bibi. Mlingoti ule una alama mia nne na zaidi. Kila mwenye alama anajua. Kila mtu anajivunia alama yake, na kila mtu anaapa hana mguu kushoto. Anayejua hasemi, kwa sababu akisema la mwenzake, amesema na lake."

Nikafikiria kwetu, nikakumbuka watu kadhaa.

Kesho yake baraza likakutana chini ya mlingoti. Watu walijaa, wote wamesimamia mguu mmoja. Tindwa akasoma sheria za baraza. Ni tatu. Kwanza, mdai haruhusiwi kulitaja jiwe lake mwenyewe, maana kila mtu angejitajia zuri. Pili, jiwe likitajwa na umma kwa sauti moja, baraza zima litaondoka muda huohuo kwenda kulitazama. Tatu, mgeni anaruhusiwa swali moja, nalo lisiwe la kuudhi.

Bwana Ngwali akasimama. Akaeleza kwa saa nzima kwamba kushoto hakuna kitu. Ni vichaka. Ni mawazo ya watu wenye wivu. Akasema yeye binafsi, katika miaka yake yote hamsini na sita, hajapata kukanyaga ng'ambo ya mlingoti, na hata upepo ukitokea huko yeye hugeuza uso.

Mzee mmoja akainua mkono. "Bwana Mkuu, mitungi yetu inatoka wapi?"

"Sokoni," akasema Bwana Ngwali, na mzee akaketi, ameridhika.

Kidawa alikuwa amesimama mbele na ile fito yake mkononi. Hakuwa na ruhusa ya kutaja tatu. Midomo yake ilikuwa imekauka kama mchanga wa mlangoni kwake. Wanaume wanne walikwisha kuwa tayari pembeni na mizigo ya miiba.

"Kama hakuna zaidi," Bwana Ngwali akasema, "Tindwa, funga daftari."

"Mimi nina swali langu," nikasema.

"Moja tu, bibi."

"Moja linanitosha, mjukuu wangu, kwani hata hilo nitalisahau. Jana ulinitajia alama yako mlingotini, nami usingizi ukaichukua. Ni ya ngapi vile?"

Uso wa Bwana Ngwali ukang'aa. Akanyoosha mkono juu, kwenye ile rangi nyekundu. "Ishirini na nane!"

"Ishirini na nane," nikasema. "Ahsante. Nimemaliza swali. Sasa niacheni nihesabu kwa ajili yangu, ili nisisahau tena. Wewe unakaa jiwe la nne, basi nitaikumbuka kwa nne." Nikafumba macho, nikaanza kwa sauti ileile tuliyofundishwa nayo, ya kuyumba na mwili. "Nne mara moja, nne. Nne mara mbili, nane..."

Sasa, jambo moja kuhusu Utao. Wameimba sana tangu utotoni, na mtu akianzishiwa wimbo wa kuzidisha hawezi kujizuia, kama vile mtu hawezi kujizuia kupiga miayo mwenzake akipiga. Mstari wa mbele wakaitika, "Nne mara tatu, kumi na mbili." Wa nyuma wakadaka, "Nne mara nne, kumi na sita." Makarani wakaingia na sauti za kwaya. Wanaume wa miiba wakaitua mizigo ili waweze kuyumba. "Nne mara tano, ishirini! Nne mara sita, ishirini na nne! Nne mara SABA..."

"Ishirini na nane," wakamalizia, na sauti zikafa palepale.

Nilifumbua macho. Watu wote walikuwa wanatazama ile rangi nyekundu juu ya mlingoti. Kisha wakashusha macho taratibu, wakamtazama aliyeipaka.

Tindwa akatoa kalamu sikioni. "Saba imetajwa," akasema kwa sauti ndogo. "Na umma. Kwa sauti moja."

"Saba ya kulia!" Bwana Ngwali akasema upesi. "Jiwe jeupe la saba! Twendeni, kuna kivuli kizuri."

Kidawa akapiga hatua moja. Akaisimamisha fito, akaipinda mbele ya mlingoti mbele ya watu wote. "Tao lako limepita juu ya mlingoti, Bwana Mkuu, tena juu kuliko letu sote. Likishapita huku linatua wapi? Linageuka angani na kurudi, kama mtu aliyesahau ufunguo?"

Kuna mtu akacheka. Halafu akacheka mwingine.

"Ni vichaka tu huko!" Bwana Ngwali akapaza sauti. "Hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna njia ya kupita!"

"Basi tukatazame vichaka," akasema yule mzee wa mitungi, akiinuka na fimbo yake. "Mimi vichaka navipenda."

Baraza likaondoka. Ilikuwa mara ya kwanza nchi ile kwenda kushoto mchana, na niliona jambo ambalo wao walijifanya hawalioni: njia ilikuwepo, pana, imekanyagwa hadi ikawa laini, na kila tukipita jiwe jeusi, kulikuwa na bustani, zizi, kamba ya nguo. Kwenye jiwe la pili mwanamke mmoja katika umati alimsalimia mbuzi kwa jina lake, akajifanya alikuwa anapiga chafya. Kwenye jiwe la tatu Kidawa alisimama kidogo kando ya shimo lake, akaokota tonge la udongo, akalishika mkononi. Hakuna aliyemkataza. Kila mmoja alikuwa na lake la kuangalia.

Bwana Ngwali alikuwa mbele, akitembea haraka, na nikagundua kitu. Hakuchechemea. Alijua kila kisiki.

Jiwe la saba lilikuwa mbele ya nyumba ndogo iliyopakwa udongo mwekundu, kuta safi, moshi ukitoka jikoni. Wote tukasimama uani.

"Kwa heshima ya baraza," Bwana Ngwali akasema, akifuta jasho, "nasema kwa mara ya mwisho na iandikwe. Nyumba hii siijui. Njia hii siijui. Na anayekaa humu, awe nani, simjui."

Mlango ukafunguka. Akatoka bibi mfupi, mkongwe kunizidi mimi, macho yamefifia lakini mwendo bado. Mkononi alikuwa ameshika kubadhi la mguu wa kushoto, lenye uzi mwekundu na kifungo cha shaba.

"Ngwali, mwanangu," akasema, "umerudi? Leo umeondoka mbio mpaka umeacha kiatu chako nje, mbuzi angekitafuna. Na hawa wote ni wenzako wa kazini? Mbona hukunambia nipike wa kutosha?"

Hata wale wanaume sita wa Idara ya Mlingoti walitazama chini, na kama mjuavyo, kazi yao ni kutazama juu.

Kidawa hakucheka. Alimgeukia karani. "Tindwa, andika."

Tindwa akafungua daftari juu ya jiwe jeusi, akaandika huku akisoma kila neno: "Kidawa, mfinyanzi. Kulia, tano. Kushoto, tatu." Hakuna aliyekohoa. Akapiga mstari chini yake, akachovya kalamu tena, akainua macho. "Na la Bwana Mkuu, niandikeje?"

Bwana Ngwali alifungua kinywa. Akatazama kubadhi, akatazama umati, akatazama daftari. Hatimaye akafanya kile pekee ambacho sheria ilimwachia. Akakohoa.

Mama yake akaja akainama, akamvika kiatu mguuni mwenyewe, akakifunga kifungo.

"Unasikia kifua hicho?" akatuambia sisi. "Kila asubuhi akimaliza uji wake hapa namwambia, Ngwali, usirudi kazini na mguu mmoja peku. Kila asubuhi! Hasikii."